Kurasa Arobaini Bila Sahihi

Injinia Ndirangu alizikwa Tetu siku ya Alhamisi, kwenye shamba lake la chai, na kilichonipeleka si mapenzi. Nilienda kuhakikisha amezikwa. Nilifunga kibanda changu cha Gakindu, Mukurweini, pale ninapotengeneza pampu za kunyunyizia kahawa dawa na mashine za kukatia ng'ombe majani, nikamshika mkono binti yangu Nanjala, na tulipofika nikasimama nyuma ya hema pamoja na akina mama waliokuwa wanamenya viazi. Mbele mtu alikuwa anasoma maisha ya marehemu kwa kipaza sauti. Ati alifundisha vijana wengi kutengeneza ndege na leo wametapakaa kila uwanja wa nchi hii. Ati hakuwahi kumnyima mtu haki yake. Nilipofika hapo mama aliyekuwa kando yangu akanigusa kiwiko, akaniambia polepole, mami, hiyo kiazi imeisha. Kweli kilikuwa kimeisha. Nilikuwa nimekimenya mpaka kikabaki kama kokwa la parachichi.

Nyumbani kwangu, ndani ya boksi la biskuti, kuna kitabu cha jalada la bluu. Kina kurasa arobaini, na kila ukurasa umejaa mwandiko wangu wa wakati ule, mdogo, ulionyooka, wa msichana aliyefikiri kwamba mwandiko mzuri husaidia. Nimebadilisha mafuta ya injini. Nimekagua nyaya za mkia. Nimetoa gurudumu la mbele na kulirudisha. Kulia kwa kila mstari kuna nafasi ya sahihi ya fundi mwenye leseni, na nafasi zote ni tupu mpaka leo. Miaka imepita, mtoto amezaliwa na kuanza shule, na bado nafasi hizo ni nyeupe kuliko karatasi yenyewe.

Wasichana wa shule wakijua nilipitia hangari, karakana ya ndege, huja kibandani kuniuliza mambo mawili tu: mtu anaingiaje, na mshahara ni ngapi. Ninawaambia bila kuzunguka. Unamaliza kidato cha nne ukiwa umepita hesabu, fizikia na Kiingereza. Unatafuta chuo ambacho mamlaka ya ndege imekipa kibali, na kibali hicho ukione kwa macho yako, kwa sababu kuna vyuo vya ghorofani, juu ya duka la kuuza rangi, vyenye picha ya ndege ukutani na hakuna hata nati moja ndani. Unasoma miaka yako miwili. Hapo wengi hufikiri wamefika, na hapo ndipo hawajaanza. Cheti cha chuo hakikuruhusu kufungua hata kifuniko cha ndege peke yako. Lazima hangari ikupokee, ufanye kazi chini ya mtu, uandike kila ulichogusa kwenye kitabu, na yule mtu aweke sahihi kwamba alikuona ukikifanya. Kitabu kikijaa sahihi ndipo unakubaliwa kufanya mtihani wa leseni. Na mshahara? Mshahara uko kwenye kalamu. Watu wawili wanalala chini ya bawa moja, mikono yao ina grisi ile ile. Mmoja ana leseni na anajenga nyumba ya mawe. Mwingine hana, na jioni analipwa kama mtu wa kuchuma chai. Sikuwahi kuona kazi nyingine ambapo sahihi ya jina lako ni nzito hivyo.

Mimi nilipata chuo cha kweli na nikapata hangari ya kweli, kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya Nanyuki. Nilifika Januari na mkoba mmoja. Nilipanga chumba Majengo kwa Mama Zuhura, mjane aliyeshona nguo za harusi na kuuza mahamri asubuhi, na chumba chenyewe kilikuwa nusu ya chumba chake, tumegawanywa na mbao zisizofika kwenye dari. Baridi ya mlima ilishuka humo kama imelipa kodi. Nililala na soksi mbili. Kupitia zile mbao nilijua mambo ya mtaa mzima: nani anaolewa, nani amepanua kiuno cha gauni mara mbili na bado anasema ni ugali. Mama Zuhura aliwaambia wateja wake kwamba mpangaji wake anatengeneza ndege, na wao wakamuuliza kama nimewahi kupanda moja. Hajawahi, alijibu kwa niaba yangu, kwa hasira, na mimi nimeshona suti ngapi na sijavaa moja? Kila asubuhi alinipa mahamri mawili ndani ya gazeti na chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, na nikatembea hadi uwanjani nikiwa nimekishika kama jiko. Nimejaribu kukumbuka kama niliwahi kuwa na furaha kama ile. Sikumbuki, na inaniuma kwamba niliifurahia bure.

Ndani ya hangari tulikuwa wanagenzi wawili, mimi na Kariuki, mvulana wa Sagana aliyejua kuiga sauti ya kila injini na ya kila mkubwa. Aliyetushika alikuwa Injinia Ndirangu, mtu mfupi wa sweta ya kahawia ambaye hakupaza sauti hata siku moja. Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ubao. Vifaa vyote vilitundikwa kwenye ubao ukutani, kila kimoja kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu, na kila mmoja wetu alikuwa na vibati vya namba yake. Ukichukua spana unaacha kibati chako msumarini. Kabla ndege haijatoka, ubao lazima ujae. Kisha alisimama mbele yetu na kutuuliza mmoja mmoja, kwa jina, "Kuna kingine?" Nawe ukajibu, "Hakuna." Hapo ndipo alipochukua kalamu. Mara moja alitupeleka nyuma ya ndege, akafungua mkia na kutuonyesha nyaya zinazouzungusha usukani. Akatoa boliti mfukoni, ndogo kama kidole cha mtoto, akaiingiza kati ya waya na gurudumu lake, akamwambia Kariuki asukume. Usukani haukusonga. Akasema, sasa fikiria uko juu ya mlima na mawingu, na watu sita nyuma yako wanapiga picha.

Sheria ya pili ilikuwa ya vitabu. Hangari nyingine fundi anaweka sahihi kila wiki. Yeye hapana. Alisema hatii sahihi kazi, anatia sahihi mtu, na mtu hajulikani kwa wiki. Kwa hiyo vitabu vyetu alivikagua, akasahihisha tahajia, akaturudishia vikiwa vitupu. Angekaa navyo Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi, kila mwaka ndivyo, na kuvitia sahihi ukurasa kwa ukurasa kwa kikao kimoja. Tuliona ni heshima. Leo ninaona ni mwaka mzima wa maisha ya mtu umening'inizwa kwenye uzi mmoja, na aliyeushika uzi hakuombwa hata risiti.

Mwezi wa Juni nikajua nina mimba. Baba yake simtaji. Hakuwepo kwenye kazi ile na hayupo kwenye hadithi hii. Kariuki aliniona nikitapika nyuma ya mapipa ya mafuta asubuhi moja. Alinipa chupa yake ya maji, akaniambia, wewe tapika pole pole, hapa tunadhani ni pampu imekufa. Nikacheka na machozi yananitoka. Wiki hiyo hiyo tulikuwa kwenye ukaguzi wa mwaka wa ndege ya mistari ya kijani, na yeye ndiye aliyeingia ndani ya mkia na tochi ndogo, zile za urefu wa kidole. Saa ya chakula alichukua baiskeli ya mlinzi akaenda mjini. Nilimkuta baadaye kwenye meza ya nyuma, anapiga msasa tochi mpya kabisa, ang'oe mng'aro. Kisha akachukua msumari, akachora juu yake namba ileile ya tochi ya ubaoni. Aliinua macho akaniona. Nikatazama msasa, naye akatazama tumbo langu. Jioni ubao ulijaa. Injinia akauliza, "Kariuki, kuna kingine?" Hakuna. "Nekesa, kuna kingine?" Nikasema hakuna. Ndege ya mistari ya kijani ikatoka nje, ikapaa.

Ningependa kuandika kwamba sikulala. Nililala. Nilikuwa na usingizi wa mimba, ule wa kukuangusha ukiwa bado unakula. Nilijiambia labda ile aliyoingia nayo mkiani ameitafuta akaipata, na ile mpya ni ya akiba. Nilijiambia mambo mengi. Ukweli ni kwamba siri yake ilikuwa imeshika yangu, kama magurudumu mawili yenye meno, na hangari ile haikuwa imewahi kuweka mwanamke mjamzito hata wa kufagia.

Kuanzia Septemba ovaroli ikaanza kunikataa. Mama Zuhura aliingia chumbani nikiwa ninavuta zipu, akasimama mlangoni na sindano mdomoni, akanitazama kama anavyotazama kitambaa. Akasema, "Miezi minne, au mitano. Na mahamri unanirudishia ati huna njaa." Hakuniuliza lingine. Alinipa cherehani yake saa za mchana wa Jumapili, na mimi mwenyewe, kwa sababu niliona aibu kumpa kazi, nikafumua mishono ya ubavuni, nikaongeza vipande, nikaweka kitambaa cha pili ndani ili ovaroli isimame wima isinifuate mwili. Mfuko wa paja ulikuwa njiani, nikaufumua, nikaushona tena. Ninajua kushona mabati kwa ribiti, zile pini za kuunganishia bati, mstari ulionyooka usiopitisha hewa. Nguo sijui. Lakini nilijitazama kwenye kioo cha wateja nikaona fundi mnene tu, nikaridhika.

Nusu ya kwanza ya Desemba, zikiwa zimebaki Ijumaa mbili, tulikuwa tunafunga ndege iliyotakiwa kuchukua wageni saa sita. Nilirudisha vifaa vyangu ubaoni na nikaona umbo jekundu tupu. Spana namba kumi, na juu ya msumari wake kibati changu. Nilijipapasa mifukoni. Hakuna. Sasa anisikilize mtu yeyote anayetaka kunihukumu: ningeweza kunyamaza. Duka lilikuwa pale pale, na njia ya msasa nilikuwa nimeonyeshwa. Nilienda kwa Injinia kwa miguu yangu nikamwambia, spana kumi imekosekana, ni yangu. Akaniambia vizuri. Akapiga simu ofisini, ndege haitoki. Kisha akatoa amri ya kawaida ya siku kama hiyo, kila mtu avue ovaroli, aikung'ute juu ya meza.

Kariuki akavua. Mlinzi akavua koti. Mimi nikasimama. Nikasema sina kitu ndani. Injinia akageuza uso, akakohoa, akasema basi huyu aachwe, ni mwanamke. Tukafungua ndege. Kila kifuniko tulichokifunga asubuhi tukakifungua, chini ya viti, chini ya injini, kwenye mabawa, na wageni wakakaa nje juu ya masanduku yao mpaka wakachukuliwa na magari, na meneja akaja mara tatu kutazama. Nilifungua kuliko wote. Saa tisa Injinia akasema tupumzike kidogo, nami nikaketi kwenye stuli ya chuma, na paja langu likagonga stuli. Kling. Sauti ndogo, safi. Hakuna mtu aliyefanya kazi mwaka mmoja kwenye hangari asiyejua sauti ya spana.

Ilikuwa imepita kwenye mshono wangu mbaya wa mfuko, ikashuka katikati ya vitambaa viwili, ikalala kwenye pindo. Nililazimika kufungua zipu pale pale. Niliitoa, na nilipoinua kichwa hakuna aliyekuwa anaitazama spana.

Meneja alinifukuza kwa sentensi moja ambayo sitaki kuiandika hata hapa. Niliyemsubiri ni Injinia. Nilileta kitabu changu, nikakiweka mbele yake kwenye meza, kurasa arobaini, nikamwambia, Injinia, uliona kazi yangu. Miezi kumi na moja. Hakukifungua. Aliweka mkono juu ya jalada kama anapima joto la mtoto.

"Spana si shida, Nekesa. Spana inapotea. Shida ni ulijua kuna mahali hatujaangalia, na ukanyamaza."

"Ningefanya nini? Ningevua?"

"Ungesema. Mimi ningetoa wanaume nje." Akasukuma kitabu kikarudi upande wangu. "Mtu mwenye anaweza nyamaza, siwezi weka jina yangu chini yake. Kesho ni watu wamekufa."

Kariuki alikuwa pale, amesimama kando ya ubao, anatazama viatu vyake. Mtu mwenye anaweza kunyamaza. Nilihisi lile neno tochi likija mpaka kwenye meno. Injinia, kwa mazoea ya miaka yake yote, akaniuliza kama alivyotuuliza kila jioni, "Kuna kingine?" Na mimi nikahesabu haraka kama mjinga. Nikisema, nitaonekana ninalipiza kisasi. Nikisema, ataniuliza niliona lini, na nitajibu Juni. Nikasema hakuna. Nikachukua kitabu. Ijumaa ya mwisho Kariuki alitiwa sahihi kurasa zote, Mama Zuhura aliniambia, alisikia kutoka kwa mke wa mlinzi. Nanjala alizaliwa Februari.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu pale Tetu, nikiwa na kisu. Baada ya kaburi kufunikwa watu walikaa kwenye nyasi na sahani za mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na mtu wa koti zuri akaja akachuchumaa mbele yangu. Sikumjua mpaka alipoiga sauti ya pampu iliyokufa. Kariuki amenenepa. Yeye ndiye mkubwa wa hangari sasa, kiti cha Injinia ni chake, ana gari, ana watoto wawili shule ya kulipia. Alimpa Nanjala soda. Aliniuliza ninafanya nini, nikamwambia pampu za kahawa, akatikisa kichwa kama daktari.

"Kitabu yako bado iko?"

"Iko."

"Niletee. Unaandika upya, ati umekuwa chini yangu hii miaka. Mimi naweka sahihi. Ukipita mtihani nakuajiri, mshahara ya fundi, si ya kibarua." Akashusha sauti. "Najua venye nilikuachia ule mzigo, Nekesa. Hii ni yangu ya kulipa."

Sahihi. Mwaka ule wote ningelamba sakafu kwa sahihi hiyo. Nikamuuliza kitu kimoja: tochi uliwahi kuipata? Alitazama huku na huku, akacheka bila sauti. Akasema ile ndege imepakwa rangi mpya, siku hizi ni nyeupe na buluu, inapaa kila siku, kwani umesikia imeanguka? Akasema kitu kikikaa miaka yote hiyo kimeshajipatia mahali pake. Alisema hivyo, mtu anayetia sahihi ndege. Kisha akamfuta Nanjala soda kwenye kidevu.

Sikumjibu. Wiki nzima sikumjibu. Ndege ndogo zinapita juu ya Gakindu zikielekea mlimani na Nanjala huacha mchezo, akapunga mikono yote miwili, na huniita nije nipunge naye. Mimi huangalia rangi. Nilifikiria kwenda kwa wakubwa wa ndege Nairobi. Nitawaambia nini, kwamba niliona mtu na msasa nikanyamaza zaidi ya miaka sita? Jumanne, nyeupe na buluu ilipita chini kiasi cha kuona magurudumu. Nikafuta mikono, nikapiga simu hangari. Msichana wa ofisini alikuwa na adabu. Nikamwambia kuna kifaa kimesahaulika ndani ya mkia wa ndege yenu, ile nyeupe na buluu, muufungue kabla haijapaa tena. Akaniuliza jina. Nikalitaja. Akaniuliza namba ya leseni yangu, kwa sababu taarifa kama hiyo lazima aiandike na namba ya leseni.

Nikamwambia sina.

Nikasikia kalamu ikiwekwa chini. Akasema basi nisubiri, aniunganishe na Injinia mwenyewe. Kulikuwa na muziki wa kanisa kwenye simu, kisha ukakatika.

"Nekesa," Kariuki akasema. Alikuwa anatabasamu, sauti ilionyesha. "Nilijua utapiga. Jumamosi niko, kuja na kitabu. Nimeshamwambia meneja kuna mtu nataka." Nyuma yake mtu alikuwa anagonga ribiti, mstari ulionyooka, ninaijua ile sauti. Nanjala alikuwa mlangoni na sare ya shule iliyofupika mpaka juu ya magoti. "Haya, niko na ndege ya kufunga. Kuna kingine?"

Jumamosi sikuenda, na sitaenda. Mtu akiniambia kwamba hilo ni jambo jema nitamtupia pampu. Kwa sababu alipouliza, nilikuwa na simu sikioni na neno mdomoni, na mlango wa kibanda wazi, na mbingu yote juu ya Mukurweini iko tupu, na nikasikia sauti ya yule msichana wa mwandiko mzuri ikijibu kama ilivyofundishwa.

Hakuna.